Chinsaga Penye Jiwe Tupu

Chinsaga za kwanza, ile mboga yetu ya mgagani, nilizing'oa kwa ncha ya kiatu, nikidhani upepo ndio ulioleta mbegu. Ilikuwa miche sita au saba hivi, chini ya jiwe la mwisho katika mstari wa juu, lile jiwe tupu. Wiki tatu baadaye ziliota tena, na safari hii zilikuwa kwenye mstari ulionyooka kuliko hata kingo za maua yangu. Upepo haupandi kwa mstari. Nikajua nina mgeni.

Naitwa Mogire, wa Nyamarambe, na mwaka huo wa 1971 nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilisomea mambo ya bustani katika chuo cha kilimo mbali na kwetu, na niliporudi nilipewa kazi ambayo kila mtu aliyenijua aliisikia: kutengeneza bustani ya kumbukumbu kule Manga, pale kilima kilipoporomoka Aprili ya 1968 kikalifunika basi zima. Walikufa watu arobaini na watatu. Wengi walikuwa waimbaji wa kwaya waliotoka pande zote za nchi kwenda kwenye mkutano wa nyimbo. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, na redio ilisoma majina yao siku mbili mfululizo. Walizikwa pamoja papo hapo, kwa haraka, maana mvua ilikuwa haijakata na udongo ulikuwa bado unasogea.

Basi mimi nikaukata ule mteremko kuwa matuta, nikapanda nyasi fupi, mijakaranda na waridi, na kila aliyekufa akawekewa jiwe jeupe lenye jina lake, lililochongwa machimboni Tabaka. Mawe arobaini na mawili yalikuwa na majina. Moja halikuwa nalo. Lilikuwa la mwanamke ambaye hakuna aliyekuja kumuulizia.

Adui yangu katika kazi ile hakuwa mvua wala fuko. Adui yangu alikuwa watu wetu wenyewe, kwa sababu Mkisii akiona ardhi nzuri imeachiwa nyasi tupu huona mwenye ardhi ni mgonjwa. Wafiwa walikuja na majembe. Mama mmoja alipalilia nyasi zangu zote kuzunguka jiwe la mwanawe akaacha udongo mtupu, akanieleza kwa huruma kwamba kijana wake hakuwa mvivu, hawezi kulala penye magugu. Mzee mwingine alipanda mgomba. Niliwaelewesha mmoja mmoja, nikawapa chai, wakaniona mtoto wa shule asiyejua kitu, lakini wakaacha.

Huyu wa chinsaga hakuacha. Na kilichonikosesha usingizi si ukaidi wake. Ni lile jiwe. Nani anampandia mboga mtu asiyejulikana?

Katika miezi ile nilikuwa na jambo jingine kichwani, na jambo hilo lilikuwa na jina: Bochaberi. Alikuwa fundi cherehani pale sokoni Manga, mwenye miaka ishirini na minne, mrefu, mpole wa sauti lakini si wa maneno. Nilimpelekea koti langu lililochanika kwapa, akaligeuza ndani nje akaniuliza ni nani aliyelishona mara ya kwanza. Nikasema mimi. Akasema ameshona magunia mazuri kuliko hilo. Tangu siku hiyo nguo zangu zikawa zinachanika kila wiki.

Jioni alipofunga kibanda alipita bustanini kuniuliza majina ya maua. Alitaka kujua kila kitu: kwa nini waridi hukatwa ndipo lichanue, kwa nini mjakaranda humwaga majani. Mimi nilijibu kama profesa, na macho yake yalipotua usoni mwangu nilisahau nusu ya nilichosomea. Nilimpenda. Sioni haya kusema. Nilimpenda hata nikamtuma mjomba wangu kwa wazazi wake kubisha hodi.

Mjomba alirudi na jibu la ajabu. Mama yake, Mama Persis, alimkaribisha vizuri, akampa maziwa ya mgando, kisha akasema binti yake hawezi kuolewa kwa sasa. Si kwamba nina kasoro. Si kwamba kuna mwingine. Alisema tu, "Kuna jambo lake. Mwanamume akilijua atakimbia, na mimi sitaki aibu ya kurudishiwa mtoto." Mjomba alidhani ni ugonjwa. Nilipomuuliza Bochaberi mwenyewe aliangalia chini, akavuta uzi uliokuwa hauna haja ya kuvutwa, akaniomba nisimuulize tena.

Jumatatu ya wiki ya ufunguzi nilikuta chinsaga kwa mara ya nne. Msimamizi wangu, Bwana Onsongo, alikuwa nami. Alizitazama, akanitazama. Akanikumbusha kwamba Ijumaa mkubwa anakuja kutoka Nairobi na wapiga picha, na kwamba akikuta mboga kwenye kaburi la taifa, basi kazi ya kudumu niliyoahidiwa nitaisikia kwa majirani. Nikamwahidi zitatoka. Lakini sikuzing'oa. Nilitaka kwanza kumwona mwenye shamba.

Jumatano niliamka kabla ya jogoo, nikajibanza nyuma ya rundo la mawe yaliyobaki. Kulipoanza kupambazuka, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mtu aliingia kupitia ukingo wa juu akiwa na kopo la maji na leso kichwani. Alipiga magoti mbele ya jiwe tupu, akaanza kumwagilia mche mmoja baada ya mwingine. Nilimjua kwa namna alivyoshika kopo, kwa vidole vya mtu wa sindano.

"Bwakire, Bochaberi," nikamwamkia.

Hakushtuka sana. Aliweka kopo chini, akaitikia salamu, kisha akasema, "Nimekuwa nikijiuliza utachukua wiki ngapi."

"Miezi minne unakaa na mimi unaniuliza habari za waridi. Na asubuhi unapanda nyuma yangu."

"Nilikuwa nauliza ili nijue utapita wapi na lini."

Ningekasirika, lakini alikuwa amelowa umande mpaka magotini na nilikuwa namtazama kuliko inavyofaa. Nikaketi kwenye nyasi. Nikamwambia Ijumaa chinsaga hizo zitaniponza, na kwamba kama zina sababu, anipe sababu. Akaokota kopo, akamwagilia mche wa mwisho. Bonde lilianza kuonekana, mashamba ya chai upande wa pili, moshi wa jiko la mtu.

"Ukishajua utafanya kama mama alivyosema," akasema. "Utakimbia."

"Nijaribu."

Akanieleza. Siku ile ya Aprili alikuwa ametoka kununua vitambaa Kisii mjini na alishapanda basi. Alikuwa na kiti, karibu na dirisha. Basi lilijaa. Mama mmoja wa makamo akaja amechelewa, amebeba kibuyu cha maziwa na mzigo wa chinsaga uliofungwa kwa gome la mgomba, akamsihi kondakta. Kondakta akakataa, akamwambia asubiri la jioni. Mama yule akasema chinsaga zitanyauka. Akasema binti yake amejifungua mtoto wa kwanza, siku ya tatu leo, na hana mtu wa kumpikia.

"Kila mtu alisikia, hakuna aliyenyanyuka," Bochaberi akasema. "Mzazi bila chinsaga atapata wapi damu, atapata wapi maziwa? Nikashuka, nikampa kiti changu. Alinishika mikono yote miwili akanibariki. Akasema nami nitazaa. Halafu basi likaondoka." Aligeuza uso akatazama lile jiwe. "Saa moja na nusu baadaye nilisikia watu wakilia barabarani."

Hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mama yake. Na Mama Persis, kwa kumpenda, alimfunga mdomo. Watu watasema kifo kilikuja kumtafuta binti yake na yeye akakielekeza kwa mwingine. Watasema anaishi maisha ya mtu. Nani atampeleka mwanamke kama huyo nyumbani kwake akazae? Kwa hiyo walikaa kimya, na redio ilipomtaja mwanamke asiyejulikana, Bochaberi alijua ni nani japo hakujua jina.

"Mzigo wake haukufika," akasema. "Ndiyo maana nampandia. Najua ni ujinga. Lakini sina kitu kingine changu cha kumpa."

Nilimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikamwambia kwamba mimi sioni laana hapo, naona msichana aliyemheshimu mzee, na kama mambo ni hayo tu basi mjomba atarudi kwao Jumapili. Alinitazama kana kwamba nimemtua gunia lililokuwa mgongoni mwake. Akacheka kidogo, machozi yakimtoka, na kama watu wanavyofanya wanapopata nafuu, akaendelea kuongea.

"Namkumbuka mpaka alivyovaa. Unajua mimi huangalia mishono. Alikuwa na sweta ya kijani, ya shule, ya mwanafunzi wa kiume. Aliponipita nikaona kolani nyuma namba, sitini na moja, kwa uzi mwekundu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, aliyeshona hii hajui hata kushika sindano."

Mkono wangu wenyewe ukauachia wake.

Sweta ile niliishona mimi, bwenini, kidato cha kwanza, tulipoambiwa kila mvulana aandike namba yake. Sita iliinama kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Nilipomaliza shule nilimwachia mama yangu, naye akawa anaivaa asubuhi za baridi na kuwaambia wanawake wenzake kwamba amesoma mpaka sekondari.

Mama yangu, Bosibori, alitoka nyumbani Nyamarambe mwaka huohuo wa 1968 asubuhi moja, hakurudi. Alikuwa amegombana na baba. Dada yangu Nyaboke alikuwa ametoroka na kijana wa Ikonge, baba akaapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga huko. Mama alipokosekana tulidhani amekwenda kwa wazazi wake kupoza hasira. Wiki ilipita kabla ya mtu kuuliza. Baadaye wakasema amemkimbia mumewe, amekwenda kuchuma chai Kericho, ana mwanamume. Baba yangu, Mzee Omwenga, hakuwahi kulitaja jina lake tena. Nani angemtafuta kwenye barabara ya Nyamira, ile iendayo Ikonge, wakati alikatazwa kukanyaga huko? Mimi nilikuwa chuoni. Redio ilisoma majina tukiwa kwenye chai ya saa nne. Nilisikia "na mwanamke mmoja asiyejulikana," nikaongeza sukari.

Sikumwambia Bochaberi hata neno moja. Nilisimama. Nilimsikia akiniita, mara mbili, kisha akaacha. Nilipofika kwenye lango niligeuka nikamwona bado amepiga magoti pale pale, na hata kwa umbali ule nilijua anachofikiri. Anafikiri mama yake alisema kweli.

Niseme ukweli wote, maana hadithi ya mapenzi yenye uongo haina faida. Siku ile nzima nilimchukia. Nilikata waridi mpaka Bwana Onsongo akaninyang'anya mkasi. Niliwaza: asingejifanya mwema, mama angeachwa stendi, angenung'unika, angerudi nyumbani na chinsaga zake zilizonyauka, na leo angekuwa anavaa ile sweta.

Alhamisi nilipanda gari kwenda Ikonge. Nyaboke alikuwa anachuma chai nyuma ya nyumba, mwanawe wa miaka mitatu akimfuata na kikapu chake kidogo. Nilimwambia yote tukiwa tumesimama katikati ya mistari. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akashika shina la mchai, akalia kwa muda mrefu, na mtoto akawa anampangusa kwa majani.

"Nilimtumia habari kupitia jirani," akasema baadaye. "Nilingoja. Asipokuja nikadhani amemtii baba. Miaka mitatu, Mogire, nimemwekea mama yangu kinyongo kwa sababu hakuja."

Kisha nikamwambia lile lililonikera, kuhusu kiti. Dada yangu alinitazama kama nimepungukiwa.

"Wewe humjui mama? Angepanda basi lile hata kwa kukalia magunia. Angekaa mapajani mwa kondakta. Baba alimkataza, wewe ulikuwa mbali, mimi nilikuwa kitandani. Basi zima lilimsikia likanyamaza. Mtu wa mwisho kumtendea mama yetu wema duniani ni huyo msichana, na wewe umemwacha amepiga magoti kwenye umande?" Alijifuta uso. "Hizo chinsaga, bado zipo?"

"Zipo. Zinang'olewa, anapanda tena."

"Nani anazing'oa?"

Sikuwa na pa kujificha. "Mimi."

Alikwenda ndani kumtafutia mtoto shati safi.

Ijumaa watu walijaa mpaka kwenye matuta ya juu. Chinsaga zilikuwa palepale, za kijani kibichi, urefu wa shubiri, na Bwana Onsongo alipoziona aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu nisije. Nikamwambia sawa. Nilimtafuta Bochaberi kwa macho. Alikuwa nje ya lango pamoja na Mama Persis, amevaa nguo yake ya kanisani, hakuthubutu kuingia. Macho yetu yalikutana, akayaondoa yake haraka.

Mkubwa kutoka Nairobi akaanza kusoma majina. Kila jina liliposomwa, ndugu waliitika na kuweka ua. Alifika mwisho wa karatasi, akashusha sauti kama ilivyostahili. "Na mwanamke mmoja asiyejulikana."

"Anajulikana," Nyaboke akasema.

Hakupaza sauti, lakini bustani nzima ilimsikia. Akasogea mbele akiwa amemshika mtoto mkono. "Anaitwa Bosibori, mke wa Omwenga, wa Nyamarambe. Hakumkimbia mtu. Alikuwa anakuja kwangu. Nilikuwa nimejifungua huyu."

Mkubwa alimtazama, akatazama karatasi, akatoa kalamu mfukoni akaandika. Kisha akasoma upya, kwa sauti yake yote, "Bosibori Omwenga." Sisi wawili tukaitika. Nilikuwa sijui jinsi nitakavyomweleza baba, lakini nilijua kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu Nyamarambe atakayemtaja mama yangu kwa kucheka.

Watu walipoanza kutawanyika nilikwenda langoni. Mama Persis alisimama mbele ya binti yake kama kuku mbele ya vifaranga. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwomba anipishe, akanipisha nusu.

"Ile sweta," nikamwambia Bochaberi, "niliishona mimi."

Alielewa polepole. Niliona jambo lile likimwingia usoni, kwanza namba, kisha mshono wangu wa gunia, kisha yule mama. Akaweka mkono mdomoni.

"Jumatano nilikimbia," nikasema. "Mama yako alisema kweli. Lakini nimerudi, na mtu anayerudi kwa miguu yake mwenyewe umhesabu vingine. Nakupenda, Bochaberi. Nilikupenda kabla sijajua, na sasa najua."

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nyaboke alikuwa amepanda mpaka lile jiwe, ameinama, anachuma. Alichuma kama mtu aliye shambani kwake, majani laini ya juu, akiyaweka kwenye leso iliyotandazwa. Kisha akainuka, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Bochaberi.

"Wewe ndiye uliyempa mama kiti?"

"Ndiyo," Bochaberi akasema. Sauti haikusikika vizuri, akarudia.

Dada yangu alifungua leso akamwonyesha. "Hizi zilikuwa zangu," akasema. "Zimechelewa, lakini zimefika. Njoo nyumbani unisaidie kuzipika. Huyu ndugu yangu atabeba maji, hiyo ni kazi asiyoweza kuiharibu."

Bochaberi alimtazama mama yake. Mama Persis aliinua kitambaa chake akajifuta macho, akasema zinahitaji maziwa na muda mrefu jikoni, na kwamba kama hatuna maziwa ya kutosha, yeye anayo.

Tulishuka mteremko pamoja, mtoto akiwa mabegani mwangu. Nyuma yetu Bwana Onsongo alikuwa amesimama mbele ya jiwe la mama, akiwa na slasha mkononi. Nilimwona akiangalia mashina yaliyobaki, akaitupa slasha chini, akachukua kopo la Bochaberi lililokuwa limesahauliwa pale, akaenda kuteka maji.